Miguu Mitano ya Bi Shemsa

Nchi inayosimuliwa hapa haipo. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, na mkidhani mmeiona nje ya dirisha lenu, shusheni pazia mwendelee kusoma. Katika nchi hiyo kulikuwa na miji miwili iliyopakana, mmoja ukiitwa Karibuni na wa pili Nadhifu. Katikati yake ulipita mtaro wa maji machafu ambao mtu mwenye miguu mirefu angeuruka bila kuvua viatu.

Mtaro huo haukuwa na mwenyewe. Karibuni walisema ni wa Nadhifu, Nadhifu wakasema ni wa Karibuni, na walisema hivyo kwa adabu sana, kwa barua zenye kumbukumbu namba na salamu za heshima. Sheria ya nchi ilitamka wazi kwamba mwenye mtaro ndiye atakayeuzibua, na kwa hiyo hapakuwa na aliyeuzibua. Kila masika ulijaa taka, ukafurika, ukaingia vyumbani mwa watu wa pande zote mbili bila ubaguzi.

Kando ya mtaro, upande wa Karibuni, aliishi Bi Shemsa, mpishi mstaafu wa shule ya msingi, mjane wa fundi baiskeli Mzee Lukindo. Tunasema mjane, lakini serikali haikuwa na hakika. Masika matatu yaliyopita Mzee Lukindo aliteleza na baiskeli yake akienda kazini asubuhi, mtaro ukamchukua. Bi Shemsa alipokwenda ofisi za Karibuni kuomba cheti cha kifo, aliambiwa marehemu amefia Nadhifu. Akavuka kwenda Nadhifu, akaambiwa amefia Karibuni. Alipouliza kama basi huenda hajafa, makarani wa miji yote miwili walimjibu kwamba hilo nalo lisingeweza kukanushwa moja kwa moja. Akarudi nyumbani, akakaa na msiba wake bila karatasi.

Aliyewaonyesha watu mahali mwili ulipokwama alikuwa mbwa wa marehemu, aitwaye Karani. Mzee Lukindo mwenyewe ndiye aliyempa jina hilo, kwa kuwa mbwa yule alilala mlangoni siku nzima na kuamka saa ya kula tu. Lakini siku ile hakulala. Alisimama ukingoni akabweka tangu asubuhi hadi adhuhuri, mpaka sauti ikamkauka, mpaka watu wakaja. Tangu hapo Bi Shemsa hakutia tonge kinywani asimmegee Karani.

Karani alikuwa na miguu mitatu. Wa nne aliupoteza chini ya gari la Meya wa Karibuni, siku msafara ulipokuwa ukikimbia kwenda kuzindua kivuko cha waendao kwa miguu. Msafara haukusimama, kwani ungechelewa kwenye hotuba ya usalama barabarani.

Wanyama wengine wa nyumba hiyo walikuwa punda mzee, ambaye alibeba maji ya watu mpaka mgongo ukakataa, mbuzi jike mmoja, paka wawili, na bata jike aliyempenda Karani kuliko alivyowapenda mabata wenzake. Wote walikuwa wameokotwa. Walikula, walilala, walisafishwa, na majirani hawakuwa na neno nao.

*

Karibuni haikuwa na sheria ya mifugo ya nyumbani hadi pale mkazi mmoja, Bwana Hiyari, alipokutwa na paka tisini na mmoja ndani ya vyumba viwili. Paka walikuwa wamekonda, wanakohoa, wanalala juu ya wenzao, na harufu ilisafiri mpaka mezani kwa Meya, siku hiyo hiyo aliyokuwa akiwakirimu wageni wa Wiki ya Hewa Safi. Baraza likaitishwa kwa dharura.

Pendekezo la kwanza lilikuwa vichwa vinne kwa kaya. Diwani mmoja akasimama, akashika tai yake.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kichwa cha kuku na kichwa cha ng'ombe, ni sawa? Leo tunamwambia mwananchi mwenye kuku wanne kwamba amelingana na tajiri mwenye ng'ombe wanne! Haki iko wapi?"

Ukumbi mzima ulipiga meza. Wakajadili siku nne, kwa posho ya siku sita, wakafikia kipimo kisichompendelea mtu: miguu. Ikapitishwa kwamba miguu ya wanyama isizidi kumi na sita kwa kaya. Hakuna aliyeuliza kama wanyama hao wamekula au wamelala njaa, kwani ajenda ilikuwa ya idadi. Mwezi haukuisha kabla ya mtindo wa kufuga nyoka kuenea mjini, maana nyoka walihesabika sifuri hata ukiwa nao pipa zima. Mzee mmoja wa mtaa wa Posta, kwa upande mwingine, alifikishwa mbele ya baraza kwa sababu ya jongoo.

Nadhifu walipopata habari hizo walicheka mpaka wakashika mbavu. Wao, walisema, ni watu wa kisasa, hawahesabu ovyo, wao hutazama hali. Wakatunga sheria yao: mtu afuge idadi aitakayo, ilimradi kila mnyama awe mkamilifu. Mnyama aliyepungukiwa na kiungo chochote ni ushahidi wa ukatili, na atachukuliwa kwa faida yake mwenyewe.

Chini ya sheria hiyo nzuri Diwani Farjala wa Nadhifu alifuga wanyama mia mbili na kumi ndani ya ghala la zamani la pamba lisilo na dirisha. Wengine walikuwa mbwa, wengine sungura, wengine nyani, na wengine hawakutambulika tena. Faili lake, hata hivyo, lilikuwa safi. Lilikuwa na fomu mia mbili na kumi, kila moja imebandikwa picha ya paka yule yule mnono, hata zile za kobe.

*

Afisa Miguu wa Kata, Bwana Ndimbo, alifika kwa Bi Shemsa siku ya Jumatatu na daftari, filimbi na kipande cha chaki.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mwanangu."

"Shikamoo, mama. Nimetumwa kuhesabu."

"Marahaba. Hesabu tu, hawang'ati. Punda ndiye mwenye visirani."

Bwana Ndimbo alikuwa mtu mwangalifu. Kila mguu aliouhesabu aliupiga mstari wa chaki ili usije ukahesabiwa tena. Alimaliza paka, akamaliza mbuzi, akamfukuza bata kuzunguka nyumba mara tatu, na alipofika kwa punda alipokea teke moja la gotini ambalo hakuliandika. Kisha akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akajumlisha.

"Ishirini na mmoja, mama. Imezidi mitano."

"Sasa?"

"Sasa itoke." Alikuna kidevu kwa kalamu. "Tatizo, ukimtoa punda inatoka minne, unabaki mmoja wa ziada. Na sheria hairuhusu kukata."

"Alhamdulillahi."

"Ngoja, ngoja." Macho yake yaling'aa. "Mbwa mitatu, bata miwili. Mitano kamili! Mama, mwaka wangu wa tatu huu katika kitengo, sijapata kuona hesabu imetoka safi namna hii. Hongera sana."

Akampa mkono. Bi Shemsa aliupokea bila kujua anachopokea.

"Unawapeleka wapi?"

"Kituo cha Mapumziko ya Wanyama."

"Wanapumzika vizuri huko?"

"Sana, mama. Hakuna hata mmoja aliyewahi kudai kurudi."

Bi Shemsa aliketi chini, papo hapo mchangani. "Mwanangu, huyu mbwa ndiye aliyemtafuta mume wangu. Watu wote walikuwa kazini, yeye peke yake ndiye aliyemlilia."

Bwana Ndimbo alifungua daftari, akateremsha kidole kwenye orodha. Hakuwa mtu mbaya, na alitamani kupata humo ndani kitu cha kumsaidia.

"Hapa mume wako yuko hai, mama," alisema kwa upole. "Nakupa siku saba."

*

Bi Shemsa hakungoja hata mbili. Ng'ambo ya mtaro alikuwa na somo yake, Bi Tausi, aliyechezwa naye ngoma ya unyago wakiwa wasichana, na Bi Tausi alisema mlete mbwa wako hata leo, mlete na bata, huku kwetu hakuna anayehesabu miguu ya mtu. Ila kila mnyama anayeingia Nadhifu sharti kwanza apite kwenye Dawati la Ukamilifu.

Dawati hilo lilishikwa na Madamu Fausta, mwanamke mwenye miwani ya mnyororo na fomu ya kurasa tisa. Bata alipita kwa dakika moja. Karani alipochechemea kuingia, Madamu Fausta alisimamisha kalamu hewani.

"Mguu wa nne uko wapi?"

"Ulibaki Karibuni. Barabarani."

"Nani aliyeuondoa?"

"Gari la Meya wao."

Madamu Fausta alitazama mlango, kisha akatazama fomu. "Mama yangu, Meya hawezi kuandikwa kwenye kisanduku hiki. Unaona kilivyo kidogo."

"Basi andika gari tu."

"Gari halina dhamira." Akavua miwani. "Bila mguu, mbwa huyu ni ushahidi wa ukatili. Itatubidi tumchukue kwa faida yake."

"Mnampeleka wapi?"

"Kituo cha Mapumziko. Ni kimoja, tunakiendesha pamoja na Karibuni. Ujirani mwema."

Wakati huo upepo uligeuka, ukaleta harufu ya ghala la Diwani Farjala, na pamoja na harufu ukaleta kilio cha wanyama kilichomsisimua Bi Shemsa mwili mzima. Madamu Fausta aliinuka, akafunga dirisha.

"Na kule je?" Bi Shemsa aliuliza.

"Kule faili limekamilika," alijibu Madamu Fausta, akavaa tena miwani. Alipoinama kutafuta muhuri kwenye droo, Bi Shemsa alimbeba bata kwapani, akamshika Karani ukosi, akatoka bila kuaga.

Alikwenda moja kwa moja mpaka ukingo wa mtaro, akaketi. Hapo ndipo alipolia. Alikuwa na hasira, tena hasira ya mtu aliyepika chakula cha watoto mia nne kwa miaka ishirini na sita bila kukosea idadi ya sahani. Mbwa ni yule yule, alifikiri. Upande huu miguu yake imezidi, upande ule imepungua, naye hajakosa kitu ila kugongwa. Karani aliweka kichwa chake juu ya paja lake, akalala, kwa kuwa saa ya kula ilikuwa bado.

Bata, ambaye hakuwa na majonzi ya kudumu, alijitumbukiza mtaroni. Akaelea katikati, akapiga mbizi kwenye taka, akaibuka na konokono. Bi Shemsa alimtazama muda mrefu. Kushoto kwa bata kulikuwa Karibuni, kulia kwake Nadhifu, na hakuna afisa wa mji wowote aliyekuwa akimpigia filimbi. Bi Shemsa akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, akaenda ndani kutafuta kalamu.

*

Aliandika barua mbili zinazofanana. Kila moja iliuliza, kwa heshima na taadhima, mtaro huu ni wa nani. Ombi lake la cheti lilikuwa limekaa miaka mitatu bila jibu, lakini barua hizi zilijibiwa siku hiyo hiyo, na majibu yaliletwa na matarishi waliokuwa wakihema. Karibuni walikanusha vikali. Nadhifu walikanusha kwa masikitiko. Kila jibu lilikuwa na muhuri mkubwa, na Bi Shemsa aliyakunja yote mawili akayatia kwenye kopo la chumvi.

Kisha akachukua fremu za baiskeli za marehemu, akazilaza kutoka ukingo hadi ukingo, akapigilia mbao juu yake, na juu ya mbao akajenga kibanda cha makuti. Siku ya saba Karani na bata walihamia humo.

Bwana Ndimbo alikuja na chaki yake. Akahesabu punda kwa mbali, akahesabu mbuzi na paka, akapata kumi na sita, akafurahi. Alipogeuka kuondoka alimwona Karani amejinyoosha kibandani, hatua moja tu kutoka uani.

"Mama! Yule si yule?"

"Ndiye, mwanangu. Lakini yuko mtaroni. Kwani mtaro ni wenu?"

Bwana Ndimbo alirudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. "Sijasema wetu! Mama, usije ukaninukuu, mimi nina watoto."

Akatazama kulia na kushoto, akatoa kipande cha andazi mfukoni, akamrushia mbwa, akaenda zake.

*

Lakini masika yalikuwa yanakaribia, na Bi Shemsa alijua mtaro ule unavyofanya ukijaa. Kibanda kingekwenda na maji, na Karani ndani yake, kama alivyokwenda bwana wake. Basi akapiga moyo konde, akakunja kanga, akashuka mtaroni na jembe na karai.

Siku mbili za kwanza watu wa pande zote walimcheka. Siku ya tatu Bi Tausi alishuka na koleo. Baadaye alishuka mtu wa Karibuni aliyekuwa na mbuzi mmoja wa ziada, na mtu wa Nadhifu aliyemficha paka wake chongo chini ya kitanda tangu mwaka jana, na wengine wa namna hiyo, kila mmoja na mnyama wake aliyezidi au aliyepungua. Walichimbua magurudumu, viti, godoro, kabati zima, na bango la chuma lililoandikwa kwamba ni marufuku kutupa taka hapa. Siku ya kumi Bi Shemsa aligonga kitu kidogo kwa jembe. Ilikuwa kengele ya baiskeli. Akaifuta tope, akaijaribu kwa kidole gumba, ikalia. Aliitundika mlangoni mwa kibanda, akarudi kuchimba.

Mvua ya kwanza iliponyesha, maji yalipita chini ya kibanda bila kumgusa mtu, yakaenda zake. Wakazi wa miji miwili walilala kwenye vitanda vyao vikavu, wakaamka wakiwa hawaamini.

Waheshimiwa nao hawakuamini. Mtaro uliokuwa aibu sasa ulikuwa mradi, na mradi hauwezi kukaa yatima. Jumatano Karibuni ilitangaza redioni kukamilika kwa mtaro wake wa kisasa. Alhamisi Nadhifu ilitangaza kukamilika kwa mtaro wake wa kisasa zaidi. Miji yote miwili ilipanga kuuzindua Jumamosi saa nne asubuhi.

*

Jumamosi Meya wa Karibuni alisimama ukingo wa huku na utepe mwekundu na mkasi, na Meya wa Nadhifu ukingo wa kule na utepe mwekundu na mkasi. Kila mmoja alikuwa na bendi yake, nazo zilipiga nyimbo mbili kwa pamoja.

"Ndugu wananchi!" alinguruma wa Karibuni. "Tangu utoto wangu niliuota mtaro huu!"

"Mimi nilizaliwa nikiupenda!" alijibu wa Nadhifu.

Nyuma ya Meya wa huku alisimama Bwana Ndimbo na tundu la kubebea mbwa, akitazama viatu vyake. Nyuma ya Meya wa kule alisimama Madamu Fausta na tundu jingine. Maana mtaro ukishapata mji, kila kilichomo kinapata sheria, na Karani angekuwa tena amezidi au amepungua, kutegemea mkasi utakaotangulia.

Bi Shemsa alitoka kibandani akasimama juu ya ubao, katikati ya miji miwili. Karani alisimama naye kwa miguu yake mitatu.

"Waheshimiwa, shikamooni."

"Marahaba!" walijibu wote wawili, kila mmoja akijitahidi kuwahi.

"Nashukuru mtaro umepata mwenyewe. Nimemngoja miaka mitatu." Akachomoa kalamu kwenye nywele. "Mume wangu alifia humu ndani. Basi yeyote ambaye mtaro ni wake, kabla hajakata utepe, aniandikie cheti."

Bendi ya Nadhifu ilinyamaza, kisha ya Karibuni. Mtu mmoja upande wa pili akainua mkono. "Na mimi mama yangu, mwaka juzi," alisema. Mwanamke mwenye kanga ya kijani akasema mwanawe, alikuwa wa miaka minne. Mkono mwingine ukainuka, na mwingine, pande zote mbili, na wengi wa walioinua walikuwa bado na tope la mtaro kwenye kucha.

Msaidizi wa Meya wa Karibuni alimnong'oneza bosi wake sikioni, akionyesha mikono ile na kuihesabu. Meya alikohoa.

"Ndugu wananchi, naomba nieleweke. Sisi Karibuni tumekuja hapa kumpongeza jirani yetu kwa mtaro wake."

"Jirani ni mnyenyekevu mno!" alipiga kelele Meya wa Nadhifu. "Hatuna desturi ya kupora cha mwenzetu. Mtaro ni wenu, tena hongereni!"

Wakapongezana hivyo kwa dakika kumi, kila mmoja akirudi kinyumenyume kuelekea gari lake. Milango ikafungwa, misafara ikaondoka, na watu waliokuwa barabarani wakaruka pembeni kama walivyozoea. Bwana Ndimbo alibaki nyuma kidogo, akainua tundu lake tupu.

"Kwaheri, mama. Hesabu yako iko sawa."

Cheti Bi Shemsa hakupata. Alisimama ubaoni na kalamu yake mpaka ving'ora viliposikika kwa mbali, akiwa na machungu ya mtu aliyeshinda kesi asiyoifungua. Kisha akatoa kisu cha kumenyea mihogo, akaukata utepe wa Karibuni, akaukata na wa Nadhifu, akavisokota vipande viwili pamoja na kumfunga Karani shingoni.

Mzee Lukindo yuko hai mpaka leo katika madaftari ya miji yote miwili, na kila uchaguzi hupiga kura kotekote, bila kukosa. Ghala la Diwani Farjala linaendelea kunuka kwa mujibu wa sheria. Na kila asubuhi, saa ile ile, Karani hutoka kibandani, husimama ukingoni akiyatazama maji mpaka yatulie, kisha hurudi kulala akingoja saa ya kula. Miguu yake ni mitatu, na mtaroni hakuna aliyewahi kuihesabu.